Fereti wa Bi Rukia na Tende za Futari

Kabla hujamshika fereti, mtazame miguu ya nyuma. Usimtazame sura, maana ile sura ni ya kukulaghai; ana uso wa mtoto aliyeiba sukari na bado anataka abebwe. Mwache atembee sakafuni kwanza. Ukiona kiuno kinayumba, mara amekaa katikati ya chumba anatazama ukuta kama aliyesahau alikokuwa akienda, mwite daktari. Tena usitembee, kimbia.

Haya, hilo nimeshawaambia. Hata mkiishia hapa, hamkutoka mikono mitupu.

Mimi ni Mishi, mzaliwa wa Kisauni, Mombasa. Nilikuwa msaidizi wa daktari wa wanyama hapa Saint Paul, kwenye kliniki moja ya University Avenue kule Frogtown, mpaka magoti yaliponikatalia. Nasikia siku hizi wako vijana wetu kama ninyi wanaosomea kazi hii, na mamangu wee, nilifurahi. Zamani nilipompigia dadangu simu kumwambia nauguza fereti, alicheka mpaka simu ikamponyoka. "Umepanda ndege hadi Marekani kumuuguza nguchiro?" Si nguchiro. Ni mnyama mrefu, mwembamba, wa ukoo mmoja na kicheche, ila huyu kazaliwa ndani ya nyumba, analala ndani ya mkono wa sweta, na akiumwa yeye, wenye nyumba hawali.

Aliyenifundisha ni Daktari Karin, mama wa Kizungu wa hapa hapa Minnesota, mfupi, mkimya, mikono midogo kama ya msichana. Akiwa kazini alikuwa na maneno matatu tu: "Miguu. Fizi. Mwenyewe." Yaani tazama miguu ya nyuma, kisha inua mdomo uone rangi ya fizi, kisha mgeukie mwenye mnyama, maana habari yote anayo yeye, na mara nyingi hajui kama anayo.

Siku moja alikuja bwana mmoja kutoka Eden Prairie, suti safi, fereti wake hali, anajikunja, anatapika. Bwana anaapa nyumbani hakujapotea kitu. Mimi nimepapasa tumbo, nimegusa kitu kigumu, lakini siwezi kusema ni nini. Daktari Karin hakumgusa hata mnyama. Alimtazama yule bwana masikioni, akamuuliza, "Hiki cha kulia mbona hakina mpira?" Bwana akakitoa kile kispika cha sikioni, akakitazama, akawa mwekundu. Ule mpira tuliutoa utumboni jioni ile. Wanangu, fereti na mpira ni mtu na mpenziwe. Kandambili, rimoti, kifutio cha penseli, chochote kinachotafunika. Fereti aliyeacha kula ghafla usimngojee mpaka kesho.

Na mkia ukianza kunyonyoka, msidanganywe kwamba ni msimu. Kuna tezi ndogo zimekaa juu ya figo, zikiharibika manyoya yanaanza kutoka mkiani yanapanda mgongoni. Mama mmoja alimpaka wake mafuta ya nazi wiki baada ya wiki. Alipofika kwetu yule fereti alikuwa mtupu kiunoni na ananukia kama wali wa harusi. Nilicheka chooni, kisha nikarudi na uso wa kazi.

Kitu kingine, mafua yenu yanamshika. Mkiwa na kikohozi, vaeni barakoa ama kaeni mbali naye.

Lakini niliyokaa kuwaambia ni habari ya sukari, na siwezi kuwaambia habari ya sukari bila kumtaja Bi Rukia.

Bi Rukia aliletwa Burnsville, kusini ya hapa Saint Paul, na mwanawe, Twalib, baada ya kufiwa na mumewe kule Mombasa. Twalib ana duka, mkewe anafanya kazi, binti yao Swabra yuko skuli. Basi yule mama mtu mzima, aliyezoea baraza na majirani wa kupigiana hodi, akawa anashinda peke yake ghorofani, dirisha linatazama magari yaliyofunikwa na theluji. Swabra ndiye aliyemleta yule fereti, wa rangi ya kahawia na maziwa, akamwita Kashata. Bi Rukia alisema, "Panya huyo asikanyage chumbani kwangu, mimi nasali." Haukupita muda mrefu, panya analala ndani ya leso yake ya kujitanda, na yeye anamwambia habari za Mombasa mchana kutwa. Hana mwingine wa kumwambia.

Haya yote nilikuja kuyajua baadaye. Siku ya kwanza nilichoona ni binti mrefu mwenye hijabu, na nyuma yake mama mzee amekumbatia leso yenye kichwa kidogo. Ilikuwa Ramadhani, theluji imeganda njiani. Nilipomwambia yule mnyama, "Taratibu baba, taratibu," Bi Rukia akanishika mkono. "Wewe wa kwetu! Alhamdulillahi. Basi nisikilize mimi, huyu mtoto anajibu Kiingereza tu."

Akanieleza. Kila siku, ikifika alasiri, Kashata analegea. Miguu ya nyuma inaburuta, udenda unamtoka, anajikuna mdomo kama amekwamwa na mwiba. "Lakini dawa yake ninayo," akasema, tena kwa fahari. "Ikiadhiniwa Magharibi namvunjia nusu tende, nailainisha na mkono wangu, nampa. Papo hapo anainuka, anacheza! Nimeona kwa macho yangu. Ila kila kukicha anakuwa mbaya kuliko jana."

Nilipoisikia ile tende, nikamwita Daktari Karin.

Tulichukua tone la damu. Sukari ilikuwa chini, chini mno. Daktari Karin akaeleza na mimi nikatafsiri. Kwenye kongosho ya fereti wengi wakishakua hutoka vivimbe vidogo, kazi yao ni kumwaga insulini bila kuulizwa. Ukimpa kitamu anaamka kweli, lakini vile vivimbe vikionja sukari vinamwaga insulini zaidi, na sukari inaanguka hata chini ya pale ilipokuwa. Ile ile tende inayomnyanyua ndiyo inayomwangusha. Basi apewe dawa asubuhi na jioni, ale nyama kidogo kidogo mchana kutwa, na vitamu vikome. Isipokuwa siku akishikwa na degedege: hapo mpake asali kidogo kwenye fizi, akizinduka mpe nyama, halafu tupigie simu.

Yote hayo niliyasema, kwa Kiswahili cha kwetu, tena mara mbili. Bi Rukia alikuwa anatikisa kichwa. Lakini uso wake ulikuwa umeshafunga pale niliposema tende inamwangusha.

"Mimi ndiye niliyekuwa namlisha," akasema.

"Hukujua, mamangu."

Alimfunga Kashata kwenye leso akatoka.

Sasa njooni kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Ramadhani ile ile, Magharibi inakaribia. Daktari Karin yuko chumba cha upasuaji, mikono imo tumboni mwa fereti aliyemeza kipande cha kandambili, na hapo hatoki hata nyumba iwake moto. Mimi niko mapokezi, tende yangu na glasi ya maji viko mbele yangu, njaa imeshanipa ule mtetemo wa vidole. Simu ikalia.

Kwanza nilisikia mtu anahema tu. Halafu, "Mishi. Anakufa."

"Bi Rukia? Yuko wapi?"

"Mapajani mwangu. Anatetemeka mwili mzima, shingo imekwenda nyuma, mapovu yanamtoka. Yarabi, macho yake hayanioni."

"Mweke chini. Sakafuni, juu ya leso. Usitie kidole mdomoni mwake, atakuuma na hatajua. Nani yuko nawe?"

"Sina mtu. Swabra yuko skuli, kwenye mazoezi ya mpira. Twalib nimempigia, barabara ya 35 imesimama kwa theluji, magari hayaendi."

"Sawa. Tuko mimi na wewe. Niletee asali."

Sikusikia nyayo wala kabati.

"Bi Rukia, asali!"

"Asali sina. Nilimpa jirani."

"Kwa nini?"

"Si mlisema vitamu vikome? Nikasema nyumba hii kitamu ni haramu kwake. Nikatoa asali, nikatoa sukari."

Nikaitazama tende yangu pale mezani. "Tende mnazo. Za kufuturu mnazo?"

"Simpi tende."

"Bi Rukia..."

"Mishi, usiniambie nimpe tende!" Alikuwa analia sasa, kilio cha mtu mzima, kile kisichotaka kutoka. "Nilimlisha sumu kwa mkono wangu huu nikidhani ni mapenzi. Ndiye anayenisikiliza nyumba hii, na mimi nikawa namuua kila Magharibi. Kama ajali yake imefika, basi, lakini mkono wangu usiwe ndani yake tena."

Niliogopa, wanangu. Niliogopa kweli. Degedege likizidi kukaa, ubongo unaharibika, na hata akizinduka anayeamka si yule. Na mwenye kufanya kazi siye mimi. Ni mama mzee peke yake Burnsville, na ameshaamua kutoigusa ile tende.

Basi nikamkaripia. Mtu wa umri wa mamangu, na mimi si mtovu wa adabu, lakini nilimkaripia. "Bi Rukia, nyamaza unisikilize! Tende ya kila siku ndiyo mbaya. Tende ya sasa hivi ndiyo pumzi yake. Umeshikilia simu unanililia, na yeye anakwenda. Inuka. Kabati liko wapi?"

Nilisikia magoti yakigonga sakafu, kisha nyayo, kisha mlango wa kabati.

"Ninayo," akasema.

"Toa kokwa. Iponde kwenye kikombe na maji moto kidogo, mpaka iwe uji. Una zile pamba za masikio?"

"Ziko chooni."

"Zifuate. Usikate simu."

Hapo ndipo kazi hii inapokuua, msione watu wamevaa sare zenye picha za paka mkadhani ni mchezo. Unangoja. Unasikia maji ya bomba ya nyumba ya watu, kijiko kinagonga kikombe, na wewe huna cha kushika. Nilikuwa nimesimama, glasi yangu ya maji nimeisukuma mbali bila kujua.

"Haya, nimerudi. Bado anatetemeka. Amepungua nguvu, Mishi, anatetemeka kidogo sasa."

"Chovya pamba. Inua mdomo kwa pembeni tu, kwenye fizi, upake. Usimimine, utampalia. Paka kama unavyompaka mtoto mchanga dawa ya meno yanayoota."

"Bismillahi." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Nimepaka."

"Upande wa pili."

"Nimepaka."

"Ngoja."

Tukangoja. Saa yao ya ukutani, ile ya adhana ambayo kila nyumba yetu hapa inayo, ikaanza kuadhini. Niliisikia yote kwenye simu, Allahu akbar, Allahu akbar. Tende iko kwenye kikombe chake na nyingine iko mbele yangu, na hakuna aliyetia kitu mdomoni.

"Amefanyaje?"

"Amelala. Hatetemeki. Mishi, hatetemeki, mbona hatetemeki?"

"Tazama ubavu. Unapanda?"

"Sioni. Miwani... ngoja... Unapanda. Unapanda!"

"Paka tena. Kidogo tu."

Adhana ikamalizika. Nikasikia Bi Rukia anasema kitu kwa sauti ya chini, sijui ni dua au alikuwa anamsemesha mnyama. Halafu akatoa pumzi ndefu.

"Amelamba. Amelamba pamba. Ananitazama mimi."

Nilikaa chini. Nusura nilie, lakini kazi ilikuwa haijaisha, na hapa ndipo penye kuharibika, kwa sababu ile sukari aliyopata inaita insulini nyingine. "Sasa nyama, Bi Rukia, haraka, kabla hajalala. Bakuli lake liko wapi?"

"Juu ya friji."

"Juu ya friji linafanya nini?"

"Si tumefunga?" akanijibu, kana kwamba mimi ndiye mgeni wa Ramadhani. "Tangu mwezi uandame, nikishakula daku naliondoa. Haiwi adabu chakula kukaa wazi nyumba ya watu waliofunga, tena kinanuka. Magharibi namrudishia. Usiku anakula mpaka tumbo linakuwa ngoma."

Vidole vyangu mwenyewe vilikuwa vinatetemeka kwa njaa, na ghafla nikaelewa kila kitu: kwa nini alasiri, kwa nini Ramadhani hii, kwa nini kila kukicha hali ni mbaya kuliko jana. Siku ile kliniki, Daktari Karin aliuliza kama anakula vizuri, na Swabra, ambaye mchana yuko skuli na usiku analikuta bakuli sakafuni, akajibu kweli, kwamba anakula sana. Mnyama ambaye hata mzima wake hula kidogo kidogo kutwa, na huyu mgonjwa wa kuhitaji chakula kila baada ya muda mfupi, alikuwa anafungishwa tangu alfajiri hadi jua lizame, halafu anafuturishwa kwa tende. Na lile neno la nyama mchana kutwa nililisema, ila Bi Rukia hakulisikia. Alikuwa bado amekwama kwenye tende.

"Lishushe," nikasema. "Lishushe sasa, na lisipande tena."

Alikula. Nilimsikia akitafuna, yule mwizi, karibu na simu.

Twalib alifika nyumbani viatu vimejaa theluji, akawapakia wote wawili, wakaja Frogtown. Daktari Karin alikuwa ndiyo kwanza anavua glavu. Akamtazama Kashata miguu, akamtazama fizi, akamtazama Bi Rukia, ambaye mdomo wake ulikuwa umekauka na kupasuka. Akaniuliza, "Mwenyewe amekula?" Hakuwa amekula. Wala mimi. Daktari akatuletea maji na biskuti zake za kwenye droo, akatuamrisha tukae, yeye akamfunga Kashata dripu. Tulifuturu pale, chini ya picha ya sungura.

Basi shikeni haya mawili. Usimuulize mwenye mnyama "anakula vizuri?" Muulize bakuli liko wapi sasa hivi, nani analijaza, nani analiondoa na kwa nini. Na ukishamweleza mtu maagizo, usiridhike na kutikisa kichwa. Mwambie ayarudie kwa kinywa chake, hasa kama umemwambia jambo la kumuumiza, kwa kuwa hapo masikio yake yamebaki nyuma. Daktari Karin alianza kufanya hivyo kwa kila mtu baada ya siku ile, na mimi vilevile.

Ugonjwa ule hauponi. Dawa na chakula vinampa mnyama muda, na Kashata alipewa muda mzuri. Ramadhani iliyofuata alikuwepo, kakonda, uso umeingia mvi, na Bi Rukia akanialika Burnsville kufuturu. Nilifika alasiri, nikamkuta jikoni, unga hadi kwenye viwiko, viazi vya nazi vinatokota, kila kitu kinanukia na sote tumefunga. Yule mama alikuwa amechoka, sauti imekauka kabisa. Mara akaacha mahamri yake katikati. Akanawa mikono, akatoa kuku aliyechemshwa, akamchambua nyuzi nyuzi, akashuka chini taratibu, goti moja, kisha la pili, akaanza kumlisha kwa vidole. Bakuli lake lilikuwa pale pale sakafuni, katikati ya jiko, wazi, kila mtu analiruka.

Swabra akacheka, na siku hiyo akasema kwa Kiswahili, labda kwa ajili yangu. "Bibi, nyumba nzima ni Kashata tu anayekula mbele ya watu."

"Mamangu," nikamwambia, "magoti hayo. Keti, Swabra atamlisha."

Bi Rukia hakuinua hata kichwa. Alikuwa anangoja amalize kutafuna ampe kipande kingine.

"Mimi nilitia nia ya kufunga," akasema. "Yeye hakutia."